Shibiri Moja, Kidole Kimoja

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Garissa kumlilia Hirsi, mtu ambaye kwa mwaka mmoja wa ujana wangu tulitenganishwa na ukuta mmoja tu. Nilichelewa mazishi, nikawahi tazia. Wanaume walikuwa wameketi mikekani chini ya turubai, chai ya iliki inapita, na kila aliyeingia aliinua mikono kumwombea marehemu. Nilipokuwa nikijiandaa kuaga, binti yake mkubwa, Sahra, ambaye sasa naye ana wajukuu, alinijia na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. "Adeer," akaniambia, kwa heshima anayopewa ndugu wa baba, "Aabo aliacha maneno. Alisema hii ni ya Maalim, arudishiwe." Nikafungua. Ndani mlikuwa na kichwa cha lori cha bati, kikubwa kama mkate, mabega yamebonyea na mlango mmoja haupo. Sahra alisema maisha yake yote alikiona juu ya meza ya kazi ya baba yake, kimejaa misumari, na hakujua kilitoka wapi. Mimi nilijua. Nilikitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, na nilikitengeneza vibaya. Nilicheka, halafu nikalia mbele za watu, mzee mzima na mvi zangu, na hakuna aliyeniuliza chochote kwa sababu pale kila mtu alikuwa na ruhusa ya kulia.

Mwaka huo niliokaa jirani yake ulikuwa wa tatu wa vita vya shifta, vya serikali na wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu niliyetoka bara na sanduku moja la bati la buluu, na nilipangiwa shule ya msingi ya Garissa ambako nilifundisha darasa la watoto hamsini na nane. Nilikodi chumba katika ploti yenye vyumba sita vilivyozunguka ua wa mchanga. Kitanda kilikuwa cha kamba, dirisha lilikuwa tundu lenye mbao mbili, na joto lilikuwa la kumfanya mtu aombe radhi kwa makosa ambayo hajatenda. Chumba cha kushoto alikaa Hirsi, dereva wa lori asiye na lori. Chumba cha kulia alikaa mama mdogo wake, mwanamke kipofu ambaye ploti nzima tulimwita Ayeyo, yaani bibi. Asubuhi mke wa Hirsi alipika anjera, chapati zile nyepesi zenye matundu, akazimwagia mafuta ya simsim na sukari, na sahani moja ilipitishwa dirishani kwangu bila mtu kusema neno. Mimi niliyekulia githeri nilizila kwa mashaka wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilikuwa nikiamka mapema kuzingojea. Jua likianza kushuka kafyu ilikuwa inakaribia, milango inafungwa, na mji mzima unarudi nyuma ya kuta zake.

Kuta zenyewe zilikuwa za udongo na hazikuficha siri. Kisomali changu kilikua kwa kusikiliza mazungumzo yasiyonihusu, na sioni aibu kukiri. Ndivyo nilivyopata habari za Dubow. Alikuwa mwana wa pekee wa Ayeyo, mtu mzima wa miaka thelathini, utingo wa Hirsi na binamu yake. Mwaka uliotangulia lori lao lilikanyaga bomu lililotegwa kwenye barabara ya Wajir. Hirsi alitolewa akiwa na mguu uliovunjika mara tatu. Dubow alitolewa amekufa. Hirsi alimwambia Ayeyo kwamba baada ya mlipuko injini ilizimika, pakawa kimya, na katika kimya kile alimsikia Dubow juu yake akitamka shahada, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kwa mama Mwislamu hakuna habari kubwa kuliko hiyo. Lakini Ayeyo hakuiamini. Nilimsikia mchana mmoja akiwaambia wanawake waliokuja kumsuka nywele: "Hirsi ni mtoto mzuri, ananipoza moyo. Lakini mimi si mjinga. Dereva anakaa mbele, utingo anakaa nyuma na mizigo pamoja na mbuzi. Mwanangu alikufa peke yake huko nyuma. Nani angemsikia?" Upande wangu wa pili, nyuma ya ukuta wa kushoto, nilisikia Hirsi akikohoa, nikajua naye amesikia.

Sijui kama ni siku hiyo alipoanza. Ninachokumbuka ni kwamba wiki ile nilirudi kutoka shuleni nikamkuta barazani amenyoosha mguu wake mbovu, mbele yake jiko la makaa, mkasi wa bati, chuma cha kulehemu na makopo matatu matupu ya mafuta ya kupikia. Nikamuuliza anatengeneza nini. "Lori," akasema. Nikacheka, nikidhani ni kitu cha watoto kuchezea. Hakucheka. Alifumba macho pale kwenye kigoda, akanyoosha mkono wa kushoto kando ya paja, akashika gia isiyokuwepo. Akainua mguu mzima, akakanyaga breki isiyokuwepo. Kisha akapima kwa mkono kutoka gotini hadi mahali hewani ambako zamani palikuwa na bati, akafumbua macho na kusema, "Shibiri tatu." Akalaza vidole vitatu vya mkono huohuo juu ya kopo, akachora mstari kwa msumari. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake chote. Kila shibiri ya lori lililokufa ilikuwa upana wa kidole kimoja katika lori dogo. Hakuwa na picha wala rula. Miaka tisa aliyokaa ndani ya lori lile ilikuwa imehifadhiwa magotini, kiwikoni, kisogoni, na yeye aliichota humo kipande kwa kipande. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule na nimekutana na watu wenye vyeo. Bado sijaona akili iliyonitia kicho kama ile.

"Ni ya Habaryar," akaniambia siku nyingine, na habaryar ndilo neno lao la mama mdogo. "Yeye hana macho, lakini mikono yake naona zaidi ya macho yako, Maalim. Nikimwambia kwa mdomo, anasema nadanganya. Basi nitamwambia kwa bati. Lakini kama mimi nakosea kidole moja tu, nitakuwa nimedanganya kweli."

Kwa hiyo alikwenda polepole, na upole wake ulikuwa karibu kuniua mimi mtazamaji. Alifanya kipande kimoja kwa siku. Alianza baada ya swala ya alasiri, na alipokuwa akikata aliimba wimbo mmoja wa chini chini, ule ule kila siku. Wimbo ukiisha, mkasi unawekwa chini, hata kama jua bado liko juu na bati liko tayari. Tena hakumaliza kipande chenyewe kabisa. Aliacha pembe moja bila kulehemu au tundu moja bila kutoboa, akaifunika kazi kwa gunia. Nikamuuliza kwa nini anaiacha pembe ambayo ingechukua dakika mbili. "Hiyo ni ya kesho," akasema. "Mimi sina kazi, Maalim. Mguu uko namna hii. Nikiamka asubuhi na hakuna kitu nangoja mimi, nitalala tena. Sasa iko bembe nangoja." Kuhusu wimbo alinieleza, kwa ulimi wake wa Kisomali uliotamka pembe bembe na kuvuta kufuta, kwamba ni wa visimani Wajir, wa kunyweshea ngamia. Alikulia kwenye kazi hiyo, watu watatu wamepangana ndani ya kisima kirefu wakipandishiana ndoo za ngozi. "Ngamia ya kwanza nakuja na kelele, na maji iko juu. Kijana anataka kuonyesha nguvu, nafuta haraka haraka. Ngamia ya mwisho nakuja maji imeshuka chini kabisa, ndoo ni nzito, na yeye ana kiu kuliko wote. Kama nguvu imekwisha, huyo nakufa. Basi wewe fuata wimbo. Usifute ya kwanza zaidi ya unafyoweza kufuta ya mwisho."

Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa ngamia wa kwanza. Jumatatu nilisahihisha madaftari thelathini kwa mkupuo mmoja, na Jumatano nilikuwa nimelala kifudifudi nikiyachukia. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na barua ya kuomba uhamisho, imeandikwa vizuri, bado kutiwa saini tu. Nilianza kusahihisha pale barazani kando yake ili nipate mtu wa kuongea naye. Bila kukusudia nikajikuta nasahihisha kwa kufuata wimbo wake, madaftari kumi na mbili, na la kumi na tatu nikaliacha limefunguliwa ukurasa wa kazi. Ilifanya kazi. Nilikasirika kidogo kwamba ilifanya kazi.

Kufikia mvua za masika chesisi, fremu ya chini ya lori, ilikuwa imekamilika, urefu wa mkono wangu kutoka begani. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli na magurudumu yalikatwa kwenye soli za akala kuukuu, ndala za matairi. Bodi ya nyuma ilikuwa na mbao nyembamba, kila moja na nafasi yake. Hirsi aliikumbuka hata mbao ya tatu iliyowahi kuvunjika ikagongewa kiraka, naye akaigongea kiraka. Tana, mto wa mji wetu, ilifura, kahawia, pana, ikapita na miti mizima yenye ndege juu yake. Tulikwenda kuitazama mchana tukasimama kimya pamoja na mji mzima, Waislamu na Wakristo, wanajeshi na wenyeji, na kwa nusu saa hakuna aliyekuwa na adui. Maji yalipopungua, habari ikafika uani. Ayeyo amepata kibali cha kwenda kukaa na mpwa wake Wajir, atasafiri na msafara wa malori unaosindikizwa na wanajeshi, na msafara utaondoka baada ya siku kumi na moja. Wakati ule mtu akishapita vizuizi vya wanajeshi barabarani hukujua kama utamwona tena. Lori dogo lilikuwa halina kichwa.

Siku mbili baadaye mguu wa Hirsi ulivimba, akalazwa hospitali. Ilikuwa Jumamosi, sina darasa. Nilikaa barazani nikilitazama lile gunia, na hesabu ya siku ikinicheza kichwani. Kulikuwa na kopo moja lililobaki, na makopo yalikuwa adimu kwa kuwa barabara zilifungwa na maduka yalikuwa nusu tupu. Nilijiambia nitamsaidia. Vipimo vyote vya kichwa nilikuwa nimevisikia kwa masikio yangu na kuviandika nyuma ya daftari, maana mwalimu ni mwalimu: mgongo shibiri tisa kwa tano, mlango shibiri tatu na nusu, kutoka kiti hadi paa shibiri tano. Nikalaza vidole vyangu juu ya bati nikaanza kukata. Nilikata paa, mgongo, milango miwili, boneti na uso wa mbele, vipande sita kwa siku moja, bila wimbo, jasho likinitiririka mpaka ndani ya viatu. Nililehemu kila pembe. Sikuacha hata moja ya kesho. Kilipokamilika kilikuwa kizuri, nyie, kimenyooka kuliko chochote alichotengeneza yeye! Nikakibeba kwenda kukikalisha juu ya chesisi, na kikadumbukia katikati ya vyuma vya pembeni kama kofia ya mtoto juu ya kichwa cha baba. Nikatazama vidole vyangu, vyembamba, vya mtu wa chaki. Nikakumbuka vidole vya Hirsi, vinene, vya mtu aliyeshika usukani na kamba za visima. Kidole kilikuwa kipimo sahihi, ila hakikuwa changu. Na kopo lilikuwa limekwisha.

Hirsi alirudi kesho yake akichechemea kwa fimbo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, lakini alipokaa kwenye kigoda nilimpa tu kile kichwa. Alikigeuza. Akajaribu kuingiza mkono wake mlangoni, haukuingia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipomtazama usoni nikaona kwamba si hasira, ni hofu ya mtu aliyebakiwa na njia moja ya kusema ukweli, na sasa imefungwa. "Iko bati gani tena?" akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe. Niliingia chumbani, nikamwaga nguo zangu kitandani, nikamletea sanduku la buluu. Kifuniko chake kilikuwa bati zuri, jembamba. Alinitazama. "Na wewe utarudi kwenu na nini, Maalim?" Nikamwambia sirudi kokote mwaka huo, na nilishangaa kusikia mdomo wangu ukisema hivyo. Ile barua ilikuwa juu ya kitanda pamoja na soksi. Jioni hiyo mke wake alimwashia jiko.

Zilibaki siku nane na vipande saba, pamoja na keria, ile chanja ya chuma inayokaa juu ya paa. Ijumaa hakufanya kazi, kwa hiyo hesabu ilikubali barabara. Nilimsihi afanye viwili kwa siku ili tuwe na akiba. Alikataa kwa upole. "Mkono ikichoka inaongeza chumfi," akasema. Basi nilikaa kando yake nikipuliza makaa, moyo wangu ukikimbia na mikono yake ikitembea, na kila siku kipande kimoja cha buluu kilisimama mahali pake kikakubali. Lori halisi lilikuwa jekundu, lakini aliyekuwa akitengenezewa hakuwa na haja ya rangi. Kisha siku moja kabla ya mwisho wakatangaza kwamba msafara umewahishwa. Utaondoka kesho asubuhi. Keria ilikuwa bado.

Asubuhi ile Hirsi aliswali akakaa kwenye kigoda kukiwa ndiyo kwanza kumepambazuka. Aliimba wimbo uleule, kwa mwendo uleule, na mimi nilisikia honi za malori kule barabarani nikatamani kumpokonya mkasi. Alisimamisha keria juu ya paa. Akafunga reli yake ya kushikilia upande mmoja. Wimbo ukaisha, naye yule mpwa wa Wajir akaingia uani kumchukua Ayeyo. Hirsi akaweka chuma cha kulehemu chini, akalibeba lori kwa mikono miwili, akaliweka mapajani mwa mama mdogo wake, aliyekuwa ameketi mkekani na mzigo wake tayari.

Mikono ya Ayeyo ilianza nyuma, ikapita mbao moja moja, ikasimama kwenye kiraka cha mbao ya tatu, na uso wake ukabadilika. "Hii Dubow aliniambia," akasema kwa Kisomali. "Aliigonga mwenyewe." Mikono ikapanda bodini, ikafika kichwani, ikafungua mlango, ikakuta kiti. Ikatoka, ikapanda paani, ikakuta keria. "Alikaa hapa?" Hirsi akajibu ndiyo. "Si nyuma?" Hapana, Habaryar, si nyuma. Halafu Ayeyo akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza kwa usahihi namna ile: "Umepima kwa kidole cha nani?"

"Changu," Hirsi akasema.

Ayeyo akamwambia akae chini mbele yake. Akaushika mkono wake, akaupanua, akautumia kumpima Hirsi mwenyewe, shibiri kwa shibiri, kutoka mkekani hadi utosini. Shibiri nne. Kisha akaukunja mkono uleule, akaubana vidole vinne pamoja, akauingiza kwa ubavu kupitia mlango mdogo, akausimamisha juu ya kiti. Vidole vinne vikaenea, na juu yake, kati ya kidole cha mwisho na paa, akapenyeza ncha ya kidole chake mwenyewe akakizungusha taratibu katika nafasi iliyobaki. Sijawahi kuwa ndani ya kanisa lililonitisha na kunifurahisha kwa pamoja kama ua ule wa mchanga.

"Kidole kimoja," akasema.

"Ndiyo, Habaryar. Shibiri moja na bati."

"Na injini ilikuwa imezima."

"Ilikuwa imezima."

"Waa run," akasema Ayeyo. Ni kweli. Akarudia, "Waa run," na machozi yakamtoka kutoka kwenye yale macho yasiyoona, na Hirsi akaangusha kichwa chake begani mwake akalia kama ambavyo hakuwa amelia mwaka mzima. Aliyekuja kumchukua alinong'ona kwamba wanajeshi hawangoji. Ayeyo akajifuta uso, akapitisha mkono juu ya lori mara ya mwisho, na kidole kikanasa kwenye reli ya keria iliyoning'inia. "Hii haijafungwa."

"Hiyo ni ya kesho, Habaryar."

"Basi utakuja Wajir kuifunga," akasema. "Mimi nitangoja."

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Walimpandisha mbele, kando ya dereva, na lori la buluu lisilo na rangi kwake likiwa mapajani. Hirsi alisimama chini ameegemea fimbo. Malori ya mbele yakaanza kuondoka, lao likabaki likinguruma, dereva akisubiri utingo wake, aliyekuwa amekwisha kukaa kwenye keria, agonge paa kumpa ishara ya kuondoka. Ayeyo ndiye aliyeinua mkono. Aligusa paa kwanza kwa kiganja, kama mtu anayetafuta kitu mahali anapojua kipo, kisha akaligonga mara mbili. Lori likaondoka.